Mazoezi ya Mwili Wakati wa Maradhi ya Mlipuko: Hatari Hupimwa Vipi?



Mwezi Aprili mwaka 2020, kabla jua halijachomoza vyema, askari wetu mmoja kijana alimsimamisha mwalimu mstaafu aliyekuwa akitembea kwa kasi kando ya barabara ya vumbi, fimbo mkononi na viatu vya raba miguuni. Askari alimwamkia kwa heshima, "Shikamoo, mzee," kisha akamwambia arejee nyumbani, kwa kuwa mazoezi ya nje yamepigwa marufuku. Mzee aliitikia marahaba, akauliza swali moja tu: "Mwanangu, hapa nipo peke yangu kati ya mashamba. Kule sokoni ulikotoka, watu wamebanana kama dagaa kwenye gunia. Nieleze basi, ugonjwa uko wapi, huku au kule?"

Askari hakuwa na jibu. Alikuwa na amri tu, na amri ilikuwa imetolewa siku chache kabla. Mzee alirudi nyumbani bila kubishana. Yatupasa tuseme lililofuata, kwa sababu ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Mzee huyo alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na daktari wake alikuwa amemwagiza atembee kila siku. Alikaa ndani. Majuma kadhaa baadaye tulimpeleka kituo cha afya kwa gari letu la doria, sukari ikiwa imepanda, maana siku zile bodaboda hazikuruhusiwa kubeba abiria na magari ya watu binafsi yalihitaji kibali hata kwa kubeba mgonjwa. Alipona. Lakini swali lake lilibaki kituoni kwetu, na tumelirudia mara nyingi katika mikutano ya ulinzi shirikishi: ugonjwa uko wapi, huku au kule?

Marufuku ile haikutolewa kwa ubaya. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Uganda alitangazwa tarehe 21 Machi 2020, msafiri aliyetoka Dubai. Tarehe 31 Machi ilianza amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watu wa mijini, waliokuwa wamezoea kwenda kazini na sasa hawana kazi ya kwenda, walijitokeza kwa makundi makubwa kukimbia barabarani, bega kwa bega, wakiimba na kupiga makofi. Tarehe 8 Aprili Rais Yoweri Museveni alipiga marufuku mazoezi ya nje, na baada ya siku chache tu akatoa picha za video akiwa peku ofisini mwake, akikimbia kuzunguka chumba na kupiga pushapu, ili kuwaonyesha wananchi kwamba mwili unaweza kunyooshwa hata ndani ya kuta nne. Wengi walicheka, lakini wengi pia waliiga, hata sisi katika nyumba za askari.

Kasoro ya amri za namna hiyo ni kwamba zinafanana na panga: hukata magugu na mahindi pamoja. Kundi la watu 200 wanaokimbia wakiimba lilistahili kuzuiwa. Mzee anayetembea peke yake kati ya mashamba hakuwa hatari kwa mtu yeyote. Serikali inapotunga amri kwa haraka haiwezi kumtazama kila mtu mmoja mmoja, na askari wa zamu hana mamlaka ya kuigeuza amri apendavyo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kupima hatari humwangukia mwananchi mwenyewe, hasa amri zinapolegezwa na kila mtu akaachiwa aamue. Hapo ndipo tunapotaka kusaidia.

Tuanze na pumzi. Virusi vya korona husafiri kwa pumzi ya mtu aliyeambukizwa, ndani ya matone makubwa yaangukayo karibu na ndani ya chembe ndogo mno zinazoelea hewani kama moshi wa sigara. Mtu aliyekaa kimya huingiza mapafuni lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika moja. Akikimbia kwa nguvu, kiasi hicho hupita lita 60, na kwa mwanariadha aliyezoea huweza kupita lita 100. Maana yake ni mbili kwa wakati mmoja: mgonjwa anayefanya mazoezi hutoa virusi vingi zaidi, na mzima aliye karibu naye huvuta hewa nyingi zaidi, tena ndani kabisa ya kifua. Ndiyo sababu hatari ya mazoezi haiko katika mazoezi yenyewe. Hatari iko katika kujua hewa unayovuta imetoka kwa nani na imekaa wapi.

Mfano ulio wazi kupita yote tunaoufahamu ulitokea Korea Kusini, katika mji wa Cheonan. Tarehe 15 Februari 2020, walimu 27 wa densi ya mazoezi walikutana kwa mafunzo ya saa nne. Hakuna aliyekuwa na dalili zozote siku hiyo. Baadaye 8 kati yao walionekana kuwa na virusi, lakini kabla hawajajua walikwisha kurudi katika kumbi zao na kuendelea kufundisha. Madarasa yao yalikuwa ya dakika 50, mara mbili kwa juma, muziki wa kasi, wanafunzi kati ya 5 na 22 ndani ya chumba cha kama mita 60 za mraba, yaani ukubwa wa darasa moja la shule zetu za msingi. Ilipofika tarehe 9 Machi, watu 112 walikuwa wameugua kutokana na madarasa hayo katika kumbi 12, wakiwemo jamaa na marafiki walioambukizwa nyumbani na kazini na wale waliohudhuria.

Taarifa hiyo ina sehemu mbili ambazo watu huziruka, nazo ndizo zenye faida kubwa kwetu. Ya kwanza: katika madarasa yaliyokuwa na wanafunzi chini ya watano, hakuna aliyeambukizwa. Ya pili: mwalimu mmoja miongoni mwa walioambukizwa alikuwa akifundisha yoga na pilatesi, mazoezi ya kunyoosha viungo taratibu bila kuhema, kwa wanafunzi 7 au 8 katika ukumbi uleule. Hakuna mwanafunzi wake hata mmoja aliyeonekana kuwa na virusi. Ukumbi ulikuwa mmoja na mwalimu alikuwa na virusi vilevile, lakini pumzi zilikuwa tofauti na idadi ya watu tofauti. Mtu akitaka kufahamu kiini cha jambo hili zima, na autafakari mfano huo kabla ya kusoma mengine.

Kuimba nako ni kuhema. Tarehe 10 Machi 2020, katika bonde la Skagit, jimbo la Washington nchini Marekani, waimbaji 61 wa kwaya walifanya mazoezi yao ya jioni kwa muda wa saa mbili na nusu. Kati yao 53 waliugua au walidhaniwa kuugua, na wawili walifariki. Kwaya zetu za makanisa na madrasa za kaswida zijue kwamba mbele ya virusi zinahesabiwa pamoja na wakimbiaji.

Nje ya nyumba mambo hubadilika sana. Upepo huzitawanya chembe zile, na nafasi ya kuvuta pumzi ya jirani hupungua. Watafiti waliokusanya matokeo ya uchunguzi wa nchi mbalimbali waliona kwamba maambukizi yaliyotokea nje yalikuwa chini ya moja ya kumi ya yote. Hilo halina maana kwamba nje hapana ugonjwa. Timu iliyokumbatiana baada ya bao, au mashabiki waliosongamana nyuma ya goli wakipiga vuvuzela, wako nje kwa jina tu. Lakini mtu anayetembea peke yake njiani, akapishana na mwenzake kwa sekunde tatu, hana la kuogopa. Mwalimu wetu mstaafu alikuwa na haki: ugonjwa ulikuwa kule sokoni.

Hapa tuseme neno kuhusu picha iliyozunguka katika simu za watu mwezi huohuo wa Aprili. Ilionyesha wakimbiaji wawili wakifuatana, na nyuma ya wa mbele likijitokeza wingu la rangi nyekundu na njano. Ilitoka kwa wahandisi wa Ubelgiji na Uholanzi waliotumia kompyuta kukokotoa jinsi matone yanavyoachwa nyuma na mtu anayekimbia. Walikuwa wakihesabu matone, hawakuhesabu wagonjwa, na kazi yao ilienezwa kabla haijakaguliwa na wataalamu wengine. Hata hivyo watu walituletea picha ile kituoni wakitaka tuwakamate majirani waliokimbia mbele yao. Ushauri wa kutomfuata mkimbiaji mgongoni ni mwema, maana haugharimu kitu. Ongeza hatua kadhaa au kimbia pembeni yake kwa umbali. Ila kosa la jinai halimo.

Sasa tuje kwa mtu mwenyewe. Wengi huchanganya maswali mawili ambayo ni tofauti: je, nitaambukizwa? na je, nikiambukizwa nitakuwaje? Swali la kwanza hujibiwa na mahali, idadi ya watu, muda na pumzi, kama tulivyoeleza. La pili hujibiwa na umri na mwili. Katika korona, umri ulishinda vigezo vyote: kijana wa miaka 20 na mzee wa miaka 75 wanaweza kuvuta hewa ileile, mmoja akapata mafua ya siku tatu na mwingine akahitaji oksijeni. Kisukari, shinikizo la damu, unene uliozidi, maradhi ya figo, ya moyo na ya mapafu, na upungufu wa kinga mwilini, vyote viliongeza uzito wa ugonjwa. Chanjo, zilipopatikana, zilipunguza uzito huo kwa kiasi kikubwa, hasa kwa wazee.

Na lipo swali la tatu ambalo vijana wetu hawapendi kuulizwa: nyumbani unalala na nani? Tuwafikirie wasichana wawili wa miaka 19 wanaocheza netiboli timu moja. Mmoja anaishi hosteli ya chuo na wenzake wa rika lake. Mwingine anaishi na bibi yake, ndiye anayempikia na kumsogezea maji ya kuoga. Uwanjani hatari yao ni sawa. Wakirejea nyumbani si sawa hata kidogo. Yule wa pili hapaswi kuacha mazoezi. Anapaswa kuchagua mazoezi mengine kwa muda, kukimbia peke yake au kuruka kamba uani, na kuacha mechi za kugusana mpaka maambukizi yapungue mtaani. Hatuoni haya kusema kwamba huo ni mzigo usio wa haki kwake. Mzigo wenyewe upo, na heri kuubeba kwa kujua.

Kinyume chake, wapo waliojifungia wasiguse hata ua, wakidhani kukaa tu ndiyo kinga. Nao walikosea. Mwaka 2021 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 48,440 wa korona huko California, Marekani. Waliokuwa hawafanyi mazoezi kabisa walilazwa hospitalini mara mbili na zaidi kuliko wale waliozoea kufanya mazoezi kwa kipimo kinachoshauriwa, na waliofariki miongoni mwao walikuwa zaidi vilevile. Taarifa kama hiyo haithibitishi kwamba mazoezi peke yake ndiyo yaliyowaokoa, maana anayefanya mazoezi huenda pia anakula vyema na ana nafasi. Lakini inaafikiana na yale tujuayo kuhusu moyo, sukari na shinikizo la damu. Kipimo chenyewe, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma kwa mtu mzima. Mama anayelima kwa jembe la mkono na kubeba maji kutoka mtoni amekwisha kukifikia kabla ya Jumatano, wala hahitaji kuambiwa akimbie. Wanaohitaji kuambiwa ni sisi tunaokaa ofisini, wenye maduka, na madereva.

Kuhusu barakoa tulifanya makosa yetu pia. Baada ya barakoa kuwa lazima mahali pa umma, baadhi ya askari waliwataka hata wakimbiaji wazivae wakikimbia. Mwezi Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba barakoa haifai kuvaliwa wakati wa mazoezi, kwa kuwa inaweza kubana pumzi, na jasho huilowesha upesi ikawa nzito na kukaribisha vijidudu. Kinga ya mkimbiaji ni umbali. Barakoa iwe mfukoni, kwenye mfuko safi, ivaliwe unapoingia dukani kununua maji au unapopanda gari kurudi.

Liko jambo moja ambalo tungependa lisomwe kwa sauti katika kila timu ya mpira ya kijiji, nalo ni hili: usifanye mazoezi ukiwa na homa. Imani kwamba ugonjwa hutolewa kwa jasho imeenea sana kwetu. Kijana anahisi baridi na maumivu ya mwili, anavaa sweta mbili, anakimbia kilima hadi kilima ili "atoe malaria." Ikiwa ni malaria, anajichelewesha kupata dawa. Ikiwa ni virusi, anajiongezea hatari ya virusi kushambulia misuli ya moyo, na moyo uliovimba ukilazimishwa kupiga kwa kasi unaweza kusimama ghafla. Jambo hilo hutokea mara chache, lakini linapotokea humpata kijana mwenye nguvu, katikati ya uwanja, mbele ya watu.

Kurudi mazoezini baada ya kuugua kunataka subira. Madaktari wa Uingereza walioandika mwanzoni mwa mwaka 2021 walishauri mtu asubiri mpaka apitishe siku 7 kamili bila dalili yoyote, kisha aanze na majuma mawili ya mazoezi mepesi kabisa: kutembea, kunyoosha viungo, kazi ndogo za nyumbani. Mazoezi mepesi ni yale ambayo unaweza kuyafanya huku ukizungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukiona maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila sababu, kizunguzungu cha kuzimia, au pumzi kukata ulipokuwa hukatiki zamani, simama hapohapo na umwone mganga wa kituo cha afya. Waliolazwa hospitalini wasijipangie wenyewe hata kidogo. Na tuongeze jambo ambalo wengi hawakulijua: mtu aliyeambukizwa korona huweza kuambukiza wengine siku mbili kabla ya dalili kuonekana. Kusema "najisikia mzima" kunakusaidia kuamua kama utakimbia, ila hakukupi ruhusa ya kumpumulia mwenzako usoni.

Sisi wa mpakani tuna mambo yetu ambayo watu wa mji mkuu hawayafikirii. Miezi ya Aprili na Mei 2020, wengi wa waliokutwa na virusi Uganda walikuwa madereva wa malori katika vituo kama Mutukula, Malaba, Busia na Elegu. Walipimwa kwa sababu walikuwa wakivuka. Wakulima vijijini hawakupimwa. Idadi ile iliwafanya wanakijiji wawakimbie madereva kana kwamba wamebeba ukoma, na wengine wakakataa kuwauzia hata maji. Upande wa Malaba foleni ya malori ilirefuka makumi ya kilomita, na dereva aliweza kukaa siku kadhaa katika kiti kimoja akingoja majibu. Kukaa hivyo kuna hatari yake: damu huganda miguuni, na bonge la damu likipanda mapafuni huua. Dereva anayeshuka na kutembea kulizunguka lori lake mara kumi kila baada ya saa mbili, akiwa peke yake, anafanya jambo la busara. Tafadhali msimwite mleta maradhi. Wanaokaa watano ndani ya kichwa cha lori wakicheza karata, vioo vimefungwa kwa sababu ya mbu, hao ndio wanaostahili kushauriwa.

Jambo la pili la mpakani ni viwanja. Watu wetu ni wamoja. Kiwanja kizuri kiko ng'ambo, timu iko huku, na kipa ameoa kule. Mpaka ulipofungwa kwa wasafiri mwezi Machi 2020, vijana waliendelea kuvuka kwa njia za panya kwenda kucheza. Tunaelewa. Lakini mechi ya vijiji viwili vya nchi mbili huunganisha makundi mawili ya watu ambayo vinginevyo yasingekutana siku hiyo, na ikitokea mgonjwa, maofisa wa afya wa nchi moja hawawezi kuwafuatilia waliokutana naye nchi ya pili kwa urahisi. Ukipima hatari ya mchezo, hesabu pia watu ambao hutaweza kuwapata kesho kuwaonya.

Na jambo la tatu linatuhusu sisi askari moja kwa moja. Mtu anayekimbia gizani kandokando ya mpaka, amevaa kofia ya kufunika uso, kwa macho ya askari wa doria hatofautiani na mvushaji wa magendo anayetoroka. Hatusemi hivi kuwatisha. Tunasema kwa sababu katika siku za amri ya kutotoka nje tulikimbizana na watu ambao hawakuwa na kosa lolote ila kupenda kukimbia alfajiri, na mbio za namna hiyo zinaweza kuishia kwa majeraha. Kimbieni baada ya kupambazuka. Chukueni kitambulisho. Ukisimamishwa, simama, mikono ionekane, useme unatoka wapi na unaishi kwa mwenyekiti gani wa kijiji. Askari naye ana wajibu: akusalimie, akueleze sababu ya kukusimamisha, asikuguse bila haja, na asimame umbali wa mita mbili. Akifanya kinyume, njooni mlete malalamiko kwa mkuu wa kituo au kwa afisa wa uhusiano wa jamii, pamoja na tarehe, saa na mahali.

Korona ilitangazwa kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na Shirika la Afya Duniani likaondoa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023. Tangu hapo tumekwisha kuona mengine. Ebola ya aina ya Sudan ilitangazwa Uganda tarehe 20 Septemba 2022, ikianzia Mubende, ikamalizika Januari 2023. Homa ya nyani, iitwayo mpox, ilitangazwa dharura ya dunia tarehe 14 Agosti 2024 baada ya kuenea kutoka Kongo hadi kwa majirani zake. Kila kirusi kina mlango wake wa kupitia, na hesabu ya mazoezi hubadilika kufuata mlango huo. Ebola haielei hewani kutoka kwa mkimbiaji. Hupita katika damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa, jasho likiwemo. Wakati wa Ebola kutembea peke yako hakuna shaka, bali mieleka, ndondi, na kumbeba mchezaji aliyeanguka akiwa na homa ni mambo ya kuogopwa. Mpox hupita hasa kwa ngozi kugusa ngozi yenye upele, na kwa vitu vilivyoguswa nayo. Hapo angalia taulo, jezi za kuazimana, mikeka ya mazoezi na glavu za ndondi zinazopokezanwa. Kwa hiyo ugonjwa mpya ukitangazwa, kabla ya kuuliza kama mazoezi yanaruhusiwa, ulizeni kwanza unapitia wapi: kwa pumzi, kwa ngozi, kwa majimaji ya mwili au kwa mbu. Mganga wa kituo cha afya anaweza kuwajibu kwa sentensi moja, na jibu hilo litawasaidia kupita matangazo kumi ya redio.

Mwalimu mstaafu tuliyeanza naye bado yu hai, na bado anatembea. Alipotoka kituo cha afya mwaka ule, marufuku ilikuwa haijaondolewa. Mkuu wa kituo alimruhusu yeye na wazee wengine watatu wenye kisukari na shinikizo la damu watembee ndani ya uzio wa uwanja wetu wa gwaride, kila mmoja kwa zamu yake, nusu saa kwa mtu, kuanzia saa moja asubuhi. Askari yule kijana ndiye aliyepewa kazi ya kufungua lango na kuandika majina. Zamu hizo hazijafutwa mpaka leo. Mzee yeyote anayetaka kuandikishwa aje langoni siku yoyote isiyo ya gwaride, na kadi yake ya kliniki.